Ubao wa Wengi na Sitara ya Mmoja

Nakuandikia kutoka Mpanda, mkoa wa Katavi, mbali na bahari yetu. Jambo ninalotaka kukueleza si la kujisifu. Ni kosa lililotoka nyumbani mwangu, na mlango lililopitia niliufungua mimi mwenyewe kwa ulimi wangu. Kabla ya kushika kalamu nimewaomba idhini wote linaowahusu, nao wameniruhusu kwa sharti kwamba nisitaje majina. Sharti hilo utaliona lina maana ukifika mwisho wa maneno yangu.

Kila mmoja wetu aujua ubao wa msikiti. Hubandikwa humo nyakati za sala, tangazo la maiti, orodha ya wachangiaji wa bati na saruji, na mwito wa maulidi. Ubao huo una mambo matatu ambayo hatuyafikirii kwa kuwa tumeyazoea. Kwanza, una mwenyewe: imamu au katibu, na hapana mtu atakayegongomea karatasi yake bila ya kumwonyesha. Pili, wausomao wanajulikana, kwani ni wale waliovua viatu pale mlangoni. Tatu, karatasi ina muda wake: shughuli ikisha huondolewa, na ikiondolewa imekwisha. Yaweke mambo hayo matatu akilini, ndugu yangu, kwani nitayarudia.

Sasa watoto wetu wana ubao mwingine, nao umo ndani ya simu. Uko mtandao uitwao Pinterest, ulioanza huko Marekani mwaka 2010, na kazi yake ni kukusanya picha. Mtu hujifungulia ubao akaupa jina, kama vile "Maua ya hina" au "Mapambo ya harusi" au "Mapishi ya futari", kisha kila picha inayompendeza huibandika humo. Ubao waweza kuwa wa mtu mmoja, na waweza kuwa wa shirika: mwenye ubao huwaalika wenziwe, na kila aliyeitikia mwaliko hubandika la kwake kama mwenye nyumba. Tena mbao hizo ni za namna mbili. Uko ubao wa siri, hauonekani ila na mwenyewe na wale aliowaalika. Na uko ubao wa wazi, ambao huonwa na kila apitaye, jamaa na ajinabi, mwanamume na mwanamke; na kila apitaye aweza kuchukua nakala ya picha akaibandika kwenye ubao wake. Basi katika ubao wa wazi wabandikao waweza kuwa kumi, na waonao wasiwe na idadi.

Huenda ukauliza, mzee wa chuoni ana nini na mambo haya? Nitakwambia. Mimi ni mtoto wa Tanga, nikaja Mpanda ujanani kusomesha. Nilikuja kwa gari moshi, kwa ile njia ya reli inayochepuka Kaliua na kufika hapa, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Nilioa, nikazaa, nikajukuu. Lakini wanawake wa nyumba yangu, kila penye harusi au Idd, walikuwa wakiulizana: huko pwani siku hizi wanapaka maua gani? Wanashona kofia mshono gani? Barua ilikwenda na kurudi kwa wiki nyingi, na ua la hina lililochorwa kwenye karatasi ya daftari lilifika limekunjwa mara nne na wino umeenea. Wakati mwingine lilifika na harusi imekwisha pita. Mtu aliyeishi karibu na ndugu zake hajui njaa hiyo.

Basi siku moja mjukuu wangu, ambaye ni fundi wa hina na piko hapa mjini, alinijia baada ya sala ya Isha na simu mkononi. "Babu," akasema, "kuna dada mmoja wa Mombasa ana ubao wa maua ya hina, amenialika niingie. Wamo na wa Unguja, wamo na wa Maskati. Niingie?"

Nikamwambia anionyeshe. Nikaona mikono na miguu iliyopakwa maua mazuri mno, mengine ya Kihindi, mengine ya Kiarabu, na mengine ni yale yale ya bibi zetu, mviringo katikati ya kiganja na ncha za vidole zimejazwa. Moyo wangu ulifurahi. Nikamuuliza swali moja tu: "Kuna picha za haramu humo?" Akasema, "Hakuna, Babu, ni mikono tu." Nikamwambia, "Ingia, na wewe upeleke mema kama wanavyoleta wenzako."

Hiyo ndiyo fatwa niliyoitoa nikiwa nimelala kwenye mkeka na tasbihi mkononi.

Wala sitaki udhani kwamba ubao ule ulikuwa shari tangu siku ya kwanza. La. Nimeona kheri yake kwa macho yangu. Mjukuu wangu alijifunza namna ya kukoleza piko lisichubue ngozi, akajifunza kutopaka piko jeusi la kemikali kwa watoto wadogo, akapata kazi mpaka Nsemulwa na Kawajense. Na yeye alipeleka huko maua aliyoyatunga mwenyewe, na wanawake wa pwani wakayapaka. Nilimsomea hadithi ya Jarir bin Abdillah, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, juu ya watu wa kabila la Mudhar waliomjia Mtume (S.A.W.) wakiwa nusu uchi kwa ufukara. Akatoka mtu mmoja katika Ansari na mfuko ulioulemea mkono wake, akauweka. Na watu walipomwona wakafuatana kuleta, huyu nguo, huyu chakula, mpaka uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha. Hapo akawafundisha kwamba anayeanzisha mwendo mwema hupata ujira wake na ujira mfano wa wale wanaomfuata. Nikamwambia mjukuu wangu: ubao wa wengi ni kama ule mchango; aletaye wa kwanza huwafungulia wengine mlango.

Lakini hadithi ile ina upande wa pili, nao sikumsomea. Anayeanzisha mwendo mbaya hubeba mzigo wake na mizigo mfano wa wanaomfuata. Niliona upande wa pili hauhusiki na maua ya hina.

Ikaja harusi moja hapa Mpanda. Biharusi ni binti wa watu wa heshima, aliyesoma chuoni kwangu tangu alif mpaka akahitimu. Wewe msomaji wa pwani wazijua desturi zetu: siku ya hina wanawake hukaa peke yao, mitandio huvuliwa, nywele hufunguliwa, na hapana mwanamume apitaye hata uani. Na kwa kuwa zama zimebadilika, mama mwenye harusi aliweka kikapu mlangoni, na kila mgeni aliyeingia aliitia simu yake humo. Ni jambo jema, nanyi huko mnalifanya. Simu moja tu haikutiwa kikapuni, nayo ni ya fundi wa hina, kwani maua aliyochagua biharusi yalikuwa humo, kwenye ubao. Bila ya simu asingeweza kuyafuata. Basi kheri ile ile ya ubao ndiyo iliyoipitisha simu mlangoni.

Kazi ilipokwisha mjukuu wangu alipiga picha mikono ya biharusi, kwa ruhusa yake biharusi mwenyewe. Usiku ule akaibandika kwenye ubao. Ulikuwa ubao wa wazi.

Miezi miwili ikapita. Mtu mmoja katika jamaa za bwana harusi, mwanamke, yuko Dar es Salaam, alikuwa akitafuta mapambo kwa ajili ya harusi ya nduguye. Akapita kwenye ile picha, akaipenda mikono, akaikuza kwa vidole viwili ili aone vizuri. Na nyuma ya mikono akaona kabati la kioo. Ndani ya kioo alikuwamo biharusi, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani, na kanga imefungwa kifuani. Akamtambua. Hakukusudia ubaya, aliipeleka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao na akauliza, "Huyu si wifi yetu wa Mpanda?" Katika kundi hilo walikuwamo mabaradhuli? La, walikuwamo wajomba, mabinamu na mashemeji, watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kabla ya Magharibi picha ilikwisha kumfikia mume.

Mume alikasirika hasira ya kijana. Alimrudisha mkewe kwa wazee wake, akasema atafikiri.

Siku ya tatu yake, baada ya Alasiri, mama wa binti alikuja nyumbani kwangu akifuatana na shangazi yake. Nikamkaribisha ndani, akaamkia, "Shikamoo Sheikh." Nikaitikia. Akakaa muda mrefu hasemi. Kisha akasema, na maneno yake nayakumbuka moja moja:

"Sikuja kugomba, Sheikh. Nimekuja kuuliza. Simu zote tulizitia kikapuni, hata yangu mimi mama mtu. Ya mjukuu wako tuliiacha kwa kuwa ni mtoto wa nyumba hii. Sasa niambie, nyumba hii nayo tuitie kikapu gani?"

Ndugu msomaji, nimekaa mbele ya masheikh wakubwa wakinihoji nahau na fiqhi, na sijapata kukosa jibu kama nilivyokosa alasiri ile. Nilimwomba radhi, nikamwomba anipe siku chache.

Nikamwita mjukuu wangu. Alikuwa halii, bali amekauka kama mtu mwenye homa. "Babu, nilipiga mikono tu," akasema. Nami namsadiki. Kile kichwa ndani ya kioo kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa mkono. Nia yake ilikuwa mikono, na jicho lake lilikuwa kwenye mikono. Lakini picha haijui nia. Huchukua yote yaliyo mbele yake.

Tukaifuta ile picha. Nikauliza, "Imekwisha?" Akasema, "La, Babu. Ya kwangu imefutika. Waliokwisha kuchukua nakala, zao ziko kwao." Ndipo nilipofahamu, nikiwa nimechelewa, tofauti ya ubao ule na ubao wa msikiti. Huku ukibandua, umebandua karatasi ya ubao huu mmoja tu.

Tukawatafuta. Tuliowaona wamehifadhi nakala walikuwa tisa, nao hawako mji mmoja wala nchi moja. Mjukuu wangu aliwaandikia mmoja mmoja, akiwaeleza kuwa mle kiooni yumo mwanamke ambaye hakuridhia kuonwa, na akiwaomba waifute. Watano waliifuta, na wawili katika hao waliandika maneno ya kumfariji. Mmoja alijibu kwa kucheka. Watatu hawakujibu, na mpaka leo hawajajibu. Zile njia za kupeleka malalamiko kwa wenye mtandao tulizifuata pia. Sisemi kosa ni la mtandao. Mtandao ulifanya kile unachosema wazi kuwa hufanya, nasi ndio tulioingia bila ya kuuliza.

Katika siku hizo nilikirudia kitabu ambacho nimekisomesha maisha yangu yote, Riyadhus-Salihin ya Imamu Nawawi. Anaeleza hapo mwanzoni masharti ya toba: mtu aliache lile kosa, alijutie, na aazimie kutolirudia. Na ikiwa kosa linahusu haki ya mwanadamu, liko sharti la nne, nalo ni kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Wanafunzi wangu huliimba sharti hilo bila ya kukwama. Ukichukua mali ya mtu, irudishe. Ukimsengenya au ukimzulia, tafuta msamaha wake. Lakini je, sitara hurudishwaje? Ng'ombe hurudishwa, shamba hurudishwa; jicho lililokwisha kuona halirudishi lilichoona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaona kwamba mwenye kushindwa kurudisha yote hasamehewi kurudisha yale anayoyaweza. Na nikaona jambo jingine, nalo ndilo hasa ninalotaka ulichukue kwangu: kosa lililofanywa mbele ya watu halitubiwi chumbani. Kama jina la mtu limechafuliwa ubaoni, hapo hapo ubaoni ndipo lisafishwe. Basi mjukuu wangu aliandika kwenye ubao ule ule, mbele ya wenziwe wote, kwamba picha ilikuwa yake, kosa ni lake, na mwenye mikono ile hakujua wala hakuridhia. Yule dada wa Dar es Salaam naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliandika katika kundi la ukoo wao kwamba amekosa kuirusha picha kabla ya kumuuliza mwenyewe, na akamwomba kila aliyenayo aifute.

Nami nilikwenda kwa mume pamoja na wazee wawili. Akatupokea kwa adabu, akasema, "Sheikh, mke wangu ameonwa na watu nisiowajua."

Nikamwambia, "Mwanangu, ameonwa, hakujionyesha. Aliyeibiwa hapigwi kwa kuibiwa. Yeye aliitia simu yake kikapuni. Na kama unamtafuta wa kumlaumu, amekaa mbele yako, kwani ruhusa ya ubao ule niliitoa mimi."

Hakunijibu kitu. Tukanywa kahawa, tukaondoka. Ijumaa ya pili baada ya hapo alikwenda kwa wakwe zake, akamchukua mkewe. Sijidai kwamba ni maneno yangu. Nyoyo ziko mikononi mwa Mola wake.

Sasa turudi kwenye ule ubao wa msikiti na yale mambo matatu. Mjukuu wangu aliponijia, nilimuuliza kama mna haramu katika picha. Lilikuwa swali la haki, ila halikutosha. Sikumuuliza: ubao huo ni wa nani? Sikumuuliza: nani huuona? Sikumuuliza: ukibandika, waweza kubandua? Mwenye kutoa fatwa hupaswa kulijua jambo kabla ya kulihukumu, na mimi nililihukumu kwa kuliona mara moja. Wazee wangu wenye majumba, nanyi walimu wenzangu, tusione haya kuwauliza watoto wetu mambo wanayoyajua kutushinda. Haya iko katika kujibu tusilolijua.

Nayo maswali hayo matatu si ya hina pekee wala si ya mtandao ule mmoja. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi, ya madrasa, ya wanawake wa mtaa, yote ni mbao za wengi. Basi nakuusia, ndugu msomaji, na naanza na nafsi yangu.

Usiingie mpaka ujue ni kwa nani. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nur tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Na wewe pia una nyumba: tangu mwaka 2019 WhatsApp imempa kila mtu njia ya kuchagua nani aweza kumtia katika kundi na nani asiweze, itumie. Nawe mwenye kundi au ubao, jua kuwa wewe ni mchunga, na utaulizwa juu ya kile ulichokichunga. Ufunguo hukupewa uwe pambo.

Kisha uliza nani huona. Mnaijua hadithi ya Sahl bin Saad, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume ana kitana mkononi akijikunia kichwa. Alimkemea vikali, akamfahamisha kwamba idhini ya kuingia nyumba imewekwa kwa sababu ya hilo jicho. Mtu aweza kuwa nje ya mlango, miguu yake haikuvuka kizingiti, na jicho lake likawa limekwisha kuingia. Ubao wa wazi ni tundu hilo, na safari hii tundu tumelitoboa sisi kutoka ndani. Wenye kazi ya kike na waufanye ubao wao kuwa wa siri, na kila picha waitazame mara mbili: mara ya kwanza waangalie walichokikusudia, na mara ya pili waangalie nyuma yake.

Tena fahamu kwamba ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuibandika. Biharusi wetu aliruhusu mikono yake ipigwe. Hakuulizwa iende wapi. Hata sheria ya nchi imelitazama jambo la namna hii: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini Mwislamu hangoji hakimu amfundishe amana. Amana ya majlisi tuliifundishwa kabla.

Na ubandikapo kazi ya mwingine, mtaje mwenyewe. Nimeambiwa wako mafundi wanaochukua picha za mikono iliyopakwa na wenzao, wakaonyesha wateja kuwa ni kazi zao. Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayejipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Ua la hina ni jasho la mtu.

Wako watakaosema, suluhu ni kuvunja simu na kuwatoa watoto katika mbao zote. Nawaheshimu, ila siafikiani nao. Hapa Katavi, katika mbuga yetu ya taifa, kiangazi kinapokaza na mto Katuma kukauka, viboko hujazana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki, migongo imegusana. Dimbwi hilo huchafuka, na aliyepitia porini wakati huo aijua harufu yake. Hata hivyo hawaliachi, kwani ndilo maji waliyonayo. Sisi tulio mbali na jamaa zetu tunayahitaji maji haya. Wajibu wetu ni kuyatunza, kwa kuwa anywaye mmoja hunywa alichokitia mwenziwe.

Imebaki nikueleze mambo yalivyokwisha, kwa kadiri yalivyokwisha. Yule dada wa Mombasa aliufanya ubao wake kuwa wa siri, akatoa kila picha yenye uso, na wakakubaliana wote kuwa mikono ilazwe juu ya kitambaa cheupe ndipo ipigwe, pasionekane kingine. Mjukuu wangu alitaka kuiacha kazi yake kabisa. Nilimwacha muda, sikumhimiza wala sikumzuia.

Usiku wa kuamkia Idd-el-Fitri tulisikia hodi. Alikuwa yule binti, pamoja na mama yake. Akasema amekuja kupakwa hina. Mjukuu wangu akasimama kama aliyesahau kutembea. Kisha akaichukua simu yake, akaja akanikabidhi mimi ukumbini, akaingia ndani na daftari la karatasi na kalamu ya risasi, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Nikakaa na ile simu mapajani, nikiwasikia wanaongea taratibu, na baadaye nikawasikia wanacheka.

Nakala nne ziko huko ziliko. Kila nikifika katika Suratun-Nur nazikumbuka, na naomba msamaha kwa ulimi ule ule uliosema "Ingia". Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na nyinyi, duniani na siku ile ambayo mbao zote zitasomwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.